Baba Hakuanguka

Baiskeli ya baba ilinuka kambare. Grisi ilikuwa kitu cha maduka ya Malindi, na duka la Garsen halikuuza ila chumvi, sukari, mafuta ya taa na vitambaa. Kwa hiyo baba aliyaengua mafuta ya samaki yaliyoelea juu ya chungu mama akipika, akayahifadhi kwenye kopo la maziwa, na kila Jumamosi alasiri aliipindua baiskeli uani, magurudumu juu, akaipaka cheni kwa unyoya wa kuku. Jumapili alipoiegemeza kwenye ukuta wa kanisa, paka wa kijiji kizima waliizunguka na kuiramba, na wanaume waliosimama nje wakingoja ibada walicheka hadi wakafuta machozi. Baba hakuona haya. Alikuwa mtu mwembamba mwenye magoti makubwa, aliyelima mpunga na ndizi kando ya Mto Tana tangu utoto wake bila kumiliki kitu chochote ambacho wenzake hawakuwa nacho. Ile baiskeli nyeusi, iliyopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kijijini kwetu. Hata leo, mvuke wa kambare ukinipiga usoni jikoni kwa mkwe wangu, hutoka nje nikasimama kidogo mpaka upite.

Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya mto ukitoka Garsen, upande wa barabara iendayo Witu na Kipini. Naiita barabara kwa sababu ndivyo tulivyoiita. Ilikuwa njia ya udongo mweusi iliyopita katikati ya mashamba na vichaka, udongo ambao wakati wa mvua hukushika mguu ukakunyang'anya kiatu, na wakati wa jua hukauka ukawa mgumu kama kigae. Mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya hamsini, mto ulikuwa umefurika na kuifunga njia kwa miezi. Maji yalipopungua, malori ya kwanza kupita yalichimba mikondo miwili ya magurudumu, kina chake cha kumfika mtoto gotini, kisha jua likaikausha vilevile ilivyo. Katikati lilibaki tuta la nyasi kavu, na kando kando miiba ya migunga ilikuwa imesogea hadi ukingoni. Lori lilipita humo kama gari moshi relini. Mwenye baiskeli naye hakuwa na pengine pa kupita. Ilimbidi aingie ndani ya mkondo mmoja, usukani ameushika kwa nguvu, na lori likitokea, ni yeye wa kuruka. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Lori lilikuwa kubwa, baiskeli ilikuwa ndogo, na kila mtu alielewa. Nimewaona watu wazima wenye heshima zao wakizitupa baiskeli vichakani na kujitupa juu yake, kisha wakaibuka wamejaa vumbi na michubuko na kumpungia dereva mkono, kana kwamba wanamshukuru.

Dereva aliyepita kwetu mara nyingi kuliko wote alikuwa Jillo, mdogo wake mama, mjomba wangu wa pekee. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa Lamu aliyechukua nazi na mikeka kutoka Kipini na kurudisha sukari na mafuta ya taa. Mjomba alianza kama tanboi, akikaa juu ya mizigo na kushuka kuweka magogo chini ya magurudumu lori likikwama, mpaka dereva wa zamani alipougua naye akapewa usukani. Kijana wa kwetu, Mpokomo, kuendesha lori! Bibi, yaani mama yao mjomba na mama, alikuwa akisikia mngurumo ungali mbali upande wa Witu anaingia ndani kubadilisha kanga. Mjomba alipopita alimrushia kipande cha sabuni au kifurushi cha sukari, na Bibi alikaa na kile kifurushi mapajani siku nzima bila kukifungua, ili kila mpita njia akione. Mama ndiye aliyemlea. Bibi aliugua sana baada ya kumzaa Jillo, na mama, angali msichana mdogo, alimbeba mgongoni shambani na kisimani na kumtafunia chakula. Hata alipokuwa mwanamume mwenye masharubu na kofia ya dereva, alipomwona dada yake aliivua ile kofia.

Yeye na baba walikuwa mashemeji, na shemeji kwetu ni mtu wa kutaniwa. Sijui ni nani aliyeuanza mchezo wao. Ninachokumbuka ni kwamba baba akiwa njiani na baiskeli, mjomba akitokea nyuma yake, alipiga honi ndefu toka mbali. Badala ya kuruka mapema kama watu wengine, baba aliinuka juu ya pedeli na kukazana, suruali yake fupi ikipepea, na lori likamfuata likinguruma, likikaribia na kukaribia. Baba alinyoosha mkono mmoja juu na kuupunga bila kugeuka nyuma, yaani, njoo basi kama unaweza. Waliokuwa mashambani waliacha majembe wakakimbilia ukingoni kushangilia. Kisha, lori likiwa limebakisha kama urefu wa mtumbwi hivi, baba alirukia kichakani pamoja na baiskeli yake, mjomba akapita akicheka, kichwa chote nje ya dirisha. "Shemeji, leo ulikuwa umekwisha!" Na baba, akichomoa miiba mikononi, akamjibu kwa sauti ya juu, "Kajifunze kuendesha kwanza!" Jioni ile walikula pamoja sahani moja na kuuhadithia upya mchezo wao, kila mmoja akidai ndiye aliyeshinda.

Mama peke yake hakucheka. Siku moja aliweka sahani chini mbele yao kwa kishindo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Jillo, lile gari lina breki?"

"Lina breki, dada."

"Na njia ikishika magurudumu, breki itafanya nini?"

Mjomba alimtazama baba, na baba akaitazama sahani. "Dada, kwani mimi naweza kumgonga shemeji yangu?" akasema mjomba kwa upole. "Mimi namwona toka mbali. Namjua kama mkono wangu."

Mama alirudi jikoni. Hakulirudia jambo hilo tena, na mchezo uliendelea.

Ilikuwa msimu wa kiangazi baada ya yale mafuriko ndipo jino langu lilipooza. Shavu lilivimba mpaka jicho likaanza kufumba, na maji ya karafuu, majivu ya moto na kila alichokijua Bibi havikusaidia. Asubuhi moja baba alisema atanipeleka Garsen, tuvuke mto, twende kwenye zahanati ya misheni ambako dresa, yule mganga msaidizi aliyefunga watu vidonda na kuwapa dawa, alikuwa na koleo la kung'olea meno. Mama alinifunga kanga kuzunguka taya na kichwa, akaipitisha mabegani na kuifundika kifuani ili vumbi lisiniingie, nikabaki na macho tu. Baba akanikalisha kwenye keria, upande upande kama wanavyokaa wanawake, mikono yangu ikishika shati lake. Nakumbuka nilikuwa na furaha pamoja na maumivu yote yale. Nilikuwa sijawahi kuvuka mto. Baba aliimba njia nzima, akaniahidi kwamba jino likitoka tutalitupa mtoni na mamba atalimeza, aote jino la mtoto katikati ya meno yake, na wenzake wamcheke.

Tulikuwa tumepita shamba la mwisho la ndizi tuliposikia honi nyuma yetu.

Nilihisi mgongo wa baba ukicheka kabla sijasikia kicheko chenyewe. Aliinuka kidogo juu ya pedeli, kwa mazoea, kama farasi aliyesikia ngoma yake. Kisha akakaa tena. Alikuwa amekumbuka kwamba mimi niko nyuma yake, na kwamba akirukia kichakani kama siku zote, mimi nitabaki juu ya baiskeli inayoanguka ndani ya mkondo. Alibana breki ili asimame, lakini tulikuwa kwenye mteremko na breki za ile baiskeli zilikuwa raba mbili zilizokwisha. Akainua mkono wake mmoja na kuupunga kwa nguvu. "Jillo! Nina mtoto! Jillo, nina mtoto!" Honi ikamjibu. Niligeuza kichwa nikaliona lori, vumbi lake likiwa limesimama nyuma yake kama ukuta, na ndani ya kioo nikamwona mjomba wangu akicheka. Aliuona ule mkono. Ulikuwa ndio mkono aliouona siku zote. Na mimi, nilivyofungwa kanga kichwa kizima, nilikuwa nimeonekana kwake kama mzigo, gunia la mahindi au mkungu wa ndizi.

Baba alinyoosha mkono nyuma, akanikamata kifuani penye fundo la kanga, akanirusha. Sijui alipata wapi nguvu hiyo akiwa amekaa, kwa mkono mmoja. Nilipita juu ya ukingo wa mkondo nikaangukia ndani ya migunga, miiba ikanipokea pande zote, na uso wangu ulikuwa umeelekea njiani. Niliona uso wa mjomba ukibadilika aliponiona nikiruka hewani na kuelewa kwamba gunia lina miguu. Nilisikia breki. Magurudumu yalisimama, lakini mikondo iliyakamata na ule uzito wa nazi ukalisukuma lori mbele, likiteleza taratibu, taratibu mno, naye baba alikuwa ameshuka na kuinua mguu mmoja juu ya ukingo. Hakuwahi kuuinua wa pili.

Mjomba na tanboi wake walimtoa chini ya lori. Walimlaza juu ya mikeka mipya ya kuuzwa, mimi nikapandishwa kando yake, na lori likaenda kivukoni mbio ambazo sikuziona tena maishani. Kivuko kilikuwa jukwaa la mbao lililovutwa kwa kamba, na tulipofika kilikuwa upande wetu, kimejaa ng'ombe wa Muorma mmoja aliyekuwa tayari kuondoka. Mzee yule aliangalia ndani ya lori mara moja tu. Akaanza kuwapiga ng'ombe wake fimbo za pua ili warudi nchi kavu, akipiga kelele kwa lugha yake, baadhi yao wakatumbukia majini, naye hakugeuka kuwatazama mpaka kivuko kilipokuwa kitupu. Kisha akavua shuka lake la begani akamfunika baba. Tulivushwa polepole kwa kamba ile, wavutaji wakiimba bila sauti, midomo yao ikienda tu. Baba alifumbua macho katikati ya mto.

"Mtoto?"

"Yuko hapa, shemeji. Mzima," alisema mjomba. Alikuwa amepiga magoti, machozi na vumbi vimefanya tope usoni pake.

"Jillo," baba akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza jambo dogo la nyumbani. "Mwambie dada yako sikuanguka. Nilikuwa namtoa mtoto."

"Nitamwambia."

"Sikuanguka mimi."

"Nitamwambia, shemeji. Wallahi, nitamwambia." Mjomba alikuwa Mkristo kama sisi, lakini kiapo hicho alikuwa amekizoea kwa watu wa Kipini.

Baba alifia zahanatini, mchana, kabla ya mtu kupelekwa kumwita mama. Dresa alitoka nje akinawa mikono kwenye karai, akamwambia mjomba kwa neno moja, na mjomba akakaa chini palepale alipokuwa amesimama. Yule dresa hakujua afanye nini. Alikuwa kijana, labda hakuwa amewahi kumpoteza mtu mbele ya mtoto wake. Alinitazama nilivyokaa kwenye benchi na kanga yangu iliyotobolewa na miiba, akaona shavu. Akanishika mkono, akaniingiza kwenye chumba kingine, akaning'oa jino. Sikulia. Alilifunga kwenye kipande cha bendeji akanipa nishike, akanipapasa kichwa, akasema, "Haya, huo uchungu umekwisha." Nilirudi kivukoni na ule mfuko mdogo mkononi, na nilipofika mtoni sikulitupa lile jino. Nililiangusha mahali fulani njiani bila kujua.

Baraza la kuchunguza kifo chake lilifanywa Garsen baada ya mazishi, ndani ya ghala lililokuwa la kuwekea pamba. Walikuwepo afisa mmoja wa serikali aliyekuja kwa shughuli hiyo, mkalimani wake, chifu, na wazee wa gasa, lile baraza letu Wapokomo. Siku moja kabla yake, tajiri mwenye lori alikuja nyumbani kwa Bibi. Alikuwa mtu mpole, akavua viatu mlangoni, akatoa pole zake vizuri kabisa. Kisha akasema kwamba kama Jillo atasimama na kusema alikuwa akicheza na gari, atafungwa, na huenda asirudi, na yeye mwenyewe hataweza kumsaidia. Lakini ajali hutokea. Baiskeli huyumba kwenye njia mbaya. Nani asiyejua njia yetu? Bibi aliyasikiliza yote hayo akiwa amelala kitandani, maana tangu mazishi hakuwa amesimama. Mama alikuwa amekaa miguuni pake, mimi nikiwa mapajani mwa mama. Alipoondoka tajiri, Bibi alimshika mama kifundo cha mkono. Alimshika tu mpaka usingizi ukamchukua.

Mjomba aliposimama ghalani, alizungumza akitazama kofia yake. Alisema alipiga honi kama inavyotakiwa. Alisema mwendo wake ulikuwa wa wastani. Alisema, "Baiskeli iliyumba, bwana. Ikaanguka mbele yangu." Mkalimani akatafsiri. Palikuwa na watu wengi mle ndani waliokuwa wakisimama ukingoni mwa njia kushangilia ule mchezo, msimu mzima. Niliwaona. Kila mmoja wao alikuwa akitazama miguu yake.

Mzee mmoja wa gasa akasema kwamba palikuwa na mtoto juu ya baiskeli, na kwamba ingefaa asikilizwe. Nikasimamishwa. Shavu langu lilikuwa bado limevimba upande mmoja, na maneno yalinitoka kwa shida, lakini niliyasema yote. Nilisema baba hakuanguka. Nilisema alipunga mkono, aliita, alinirusha, na kwamba mjomba alikuwa anacheka. Mkalimani alipomaliza, afisa yule alinitazama, kwa huruma nadhani, akauliza kama mama wa mtoto yupo, na kama mtoto alikuwa mzima wa akili siku ile.

Mama alisimama. Alikuwa amevaa kaniki nyeusi ya ujane, na aliongea kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

"Mtoto alikuwa na homa," akasema. "Nilimfunga kanga kichwa kizima kwa mkono wangu. Hakuona kitu."

Akakaa.

Ikaamuliwa kwamba ni ajali, na kwamba mwenye baiskeli aliyumba kwenye njia mbovu akashindwa kuimudu. Mjomba akatoka nje mtu huru. Watu wakaenda zao wakiongea kwa sauti za chini kuhusu mvua. Tuliporudi kivukoni, mama alinishika mkono nikauchomoa. Akaushika tena, nikauchomoa tena. Katikati ya mto, mahali palepale ambapo baba alifumbua macho, nilimwambia bila kumtazama, "Baba hakuanguka."

"Najua," akasema mama.

Hilo ndilo neno pekee nililolipata kwake. Nilikuwa nimetumaini kwamba haamini, kwamba alidhani kweli homa ilinidanganya. Ningeweza kumsamehe kwa kutojua. Aliponiambia anajua, nilielewa, kwa namna mtoto anavyoelewa bila kuwa na maneno, kwamba alikuwa amewekwa kati ya mume aliyekwisha kufa na mdogo wake aliyemlea kwa mate yake, na mama yao kitandani amemshika mkono, naye akachagua waliobaki. Nilielewa, na kuelewa hakukunisaidia.

Mjomba alirudi kwenye lori lakini hakuwa tena dereva yule wa zamani. Hakupiga honi. Kila kona alisimama, akamtuma tanboi atangulie kwa miguu kuangalia kama kuna mtu. Safari ya asubuhi ikawa ya siku mbili, nazi zikaharibika, na tajiri wake akampa kijana mwingine ule usukani. Ndipo akaanza kuja shambani kwetu. Tulimkuta alfajiri ameshika jembe, akilima sehemu ya baba, akipanda mpunga wetu, akifukuza ndege wetu. Mama hakumkataza wala hakumkaribisha. Alimwekea chakula kwenye sufuria ndogo penye shina la mgomba, akageuka. Misimu ikapita hivyo, mmoja juu ya mwingine, dada na ndugu wakiinama shamba moja bila salamu, na mimi nikikua katikati yao. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa nyuma ya nyumba, gurudumu la mbele limepinda, na paka hawakuijia tena.

Bibi alifariki nikiwa msichana wa kuposwa. Baada ya kumzika, watu wakiwa bado wamesimama na makoleo yao mikononi, mama alivuka kaburi akamwendea mdogo wake. Nilidhani amekwenda kumkumbatia, na nadhani hata mjomba alidhani hivyo, maana alinyoosha mikono.

"Sasa mama hayupo," mama alisema. "Hakuna tena wa kufa kwa kuyasikia. Waambie hawa watu, Komora alianguka?"

Lilikuwa jina la baba. Hakuwa amelitamka tangu siku ya ghalani.

Mjomba alimtazama kwa mshangao. Nilikuwa karibu, nikauona uso wake wote, na nimeuwaza kwa miaka mingi nikitafuta alama ya hila. Haikuwapo. "Dada," akasema taratibu, kama anayemkumbusha mgonjwa jambo alilolisahau, "si baiskeli iliyumba? Ikaanguka mbele yangu. Mimi nilipiga honi." Alikuwa haogopi wala hafichi. Alikuwa amelirudia neno lile kichwani mwake, akilima, akipalilia, akivuna, mpaka likawa ndilo alilolikumbuka. Kicheko kilikuwa kimefutika, mkono uliopunga ulikuwa umefutika, hata maneno aliyoapa kivukoni. Mama akachukua koleo kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu, akaenda kumalizia kufukia upande wa miguuni, japo si kazi ya wanawake, na hakuna aliyemzuia. Mjomba alihama kwenda Hola mwaka huohuo. Alifia huko. Mama hakwenda kumzika, na alipokufa yeye mwenyewe, alikuwa hajawahi kunieleza zaidi ya lile neno moja.

Sasa mimi ni mzee kuliko Bibi alivyokuwa. Wajukuu zangu hawaijui barabara ya mikondo. Wanaijua ya lami, na daraja, na taa za mabasi yanayopita kwa kasi isiyoweza kusimama kwa ajili ya mbuzi wala mtu. Miiba ya migunga imemezwa na mathenge, ile miti ya kigeni yenye miiba, ambayo ni mibaya zaidi. Vijana wa kijiji wamepata pikipiki, wanabeba watoto wanne wa shule kwa mara moja, lakini wenye baiskeli bado wapo, wanaotoka mashambani na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, na bado wanapita pembezoni kabisa mwa lami, pale ilipomegwa na mvua, na bado honi ikilia nyuma yao ni wao wa kuruka. Nilikuwa nikijiambia kwamba tulikufa kwa sababu ya udongo mweusi, kwa sababu ya breki za raba, kwa sababu ya ujinga wa zamani. Waliponyoosha barabara nilifurahi kama mtoto. Nilikwenda kuikanyaga lami ya kwanza kwa miguu mitupu ingali vuguvugu. Sasa najua kwamba walichokinyoosha ni njia ya wenye haraka. Zamani palipita lori moja kwa siku kadhaa, na mtu akigongwa tulijua jina la aliyemgonga, tulijua hata nani alimbeba mgongoni utotoni. Siku hizi gari halisimami. Hakuna hata mtu wa kumchukia.

Mwezi uliopita lori lilimgonga kijana wa jirani yangu akitoka kuuza ndizi, baiskeli ikaburutwa mpaka karibu na darajani. Watu waliokuwapo walikwisha kusema, kabla hata hajafunikwa, kwamba pengine alikuwa na simu sikioni, kwamba vijana hawa hawako makini. Nilikwenda kukaa na mama yake. Njia nzima nilikuwa nikijiandalia maneno, maana nani mwingine pale kijijini ana maneno hayo ikiwa si mimi? Nilipofika nikakaa mkekani karibu naye nisiseme lolote. Wanawake wengine walikuwa wakimbembeleza ale uji, naye ameubana mdomo. Baada ya muda mrefu aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Bibi, wewe ulipatwa na haya zamani. Hupungua?"

Nilichukua kile kikombe cha uji mkononi mwa binti aliyekuwa amekishika, nikakikoroga, nikakipuliza.

"Kunywa, mwanangu," nikamwambia. "Kunywa kabla haujapoa."